Tumechoka na mgongo wa ekrani: geuzeni moja ituangalie

UVIRA – Ndugu wasikilizaji, wamama na wababa mnaokaa kwenye mahema, na ninyi mliopokelewa ndani ya nyumba za watu, leo siwaletei habari ya nani alisema nini kwenye mkutano. Leo naandika kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Nawaomba mvumilie hadi mwisho, kwa sababu habari hii inaanza na kitu kinachoonekana kidogo: ekrani ya ordinateri. Tena si ekrani ya kwanza. Ni ya pili.

Kila aliyekimbia vita anaijua ile meza. Iko meza, nyuma ya meza kuna kijana amevaa jile, na mbele yake ordinateri. Wewe umesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, mwingine umemshika mkono. Zamu yako inafika. Kijana anakuuliza jina, anapiga klavye. Anakuuliza umetoka kijiji gani, anapiga klavye. Watoto wangapi, anapiga klavye. Halafu anasema: "Mwingine." Wewe umeona nini? Umeona mgongo wa ekrani. Umeona waya zinazoning'inia na stika ya mfadhili. Maisha yako yameandikwa upande wa pili, na huko hukuchungulia hata mara moja.

Mimi pia ni mtu wa nyuma ya meza. Kwa hiyo acheni nianze na kosa langu.

Kwenye redio yetu, asubuhi ni saa za komunike. Watu wanaleta matangazo ya msiba, ya kadi iliyopotea, ya mbuzi, na zaidi ya yote ya watoto waliotengana na wazazi wao njiani. Siku moja alikuja mama aliyeshuka kutoka Milima Mirefu, upande wa Bijombo. Mtoto wake wa kiume, Byamungu, mwenye miaka sita, alipotelea kwenye mteremko wa kuelekea Runingu usiku ule watu walipokimbia. Siku hiyohiyo tulikuwa na komunike nyingine ya mtoto wa kiume, mwenye miaka kumi na moja, aliyepotelea sokoni Kiliba.

Mwenzangu alikuwa amepiga picha karatasi zote na kunitumia. Nikazifungua kwenye ordinateri. Tulikuwa na ekrani moja tu, ndogo. Nikatazama picha, nikaifunga, nikaandika. Nikafungua tena, nikatazama, nikafunga, nikaandika. Batri ilikuwa inaelekea kuisha na umeme ulikuwa umekatwa tangu usiku. Katika kufungua na kufunga huko, jina la Byamungu nikaliandika sawasawa, lakini umri na mahali nikaviweka vya yule mtoto mwingine. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, hatua moja na nusu. Alikuwa anaangalia stika.

Komunike ilisomwa siku tatu, asubuhi na jioni. Kule Sange, kwenye Bonde la Ruzizi, kulikuwa na familia iliyomwokota mtoto barabarani ikampokea. Walisikia. Wakasema: "Jina ni lile, lakini redio inasema miaka kumi na moja, inasema Kiliba. Huyu wetu ni mdogo, na hajui Kiliba. Basi ni Byamungu mwingine." Nani angewalaumu? Hapa kwetu akina Byamungu ni wengi kama samaki wa ziwani. Zikapita siku kumi na tisa. Mama akawa anakuja kwetu kila asubuhi kuuliza, na mimi namjibu: "Bado, mama, tuendelee kuomba." Mpaka siku ile baba wa ile familia alipokwenda mwenyewe kwa shefu wake, shefu akatupigia simu, ndipo tukafungua faili na kuona aibu yetu.

Mtoto alipatikana, tumshukuru Mungu. Lakini siku kumi na tisa za mama asiyejua kama mtoto wake yu hai au amekufa, hizo hazirudi. Na mimi sikumwambia mara moja kwamba kosa lilikuwa letu. Nilimwambia wiki moja baadaye. Akanyamaza kidogo, akasema: "Baba, ungenionyesha. Hesabu ya sita mimi naijua."

Neno hilo ndilo limenifanya niandike. Ungenionyesha.

Sasa, kuna jambo ambalo msomaji hajui. Redio yetu ilikuwa na ekrani ya pili. Ndiyo, ilikuwapo. Ilikuja pamoja na vifaa vya mradi mmoja, ikawekwa katika biro ya mkubwa, ikafunikwa kitambaa cha maua. Siku za wageni kitambaa kiliondolewa, ekrani ikawashwa, na ikaonyesha kitu kilekile kilichoonekana kwenye ekrani ya kwanza, ili wageni waone kwamba redio ya kwetu nayo imeendelea. Wageni wakiondoka, kitambaa kinarudi. Na sisi wa komunike tunaendelea kufungua na kufunga.

Nasema wazi: huo ni ugonjwa wetu, si wa wafadhili peke yao. Kifaa kikifika, swali la kwanza linakuwa "nani mkubwa wa kukaa nacho?" Lingekuwa "kazi gani inaumia bila hiki kifaa?" Ukiuliza hivyo, jibu halipiti kwenye biro ya mkubwa. Linakwenda moja kwa moja kwenye meza ambapo majina ya watu yanaandikwa.

Wako watakaoniambia: "Mwandishi, watu hawana shuka, wanalala chini, mvua inaingia, wewe unaleta habari ya ekrani mbili?" Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu wenye uchungu. Sisi wa Uvira tunajua mvua inafanya nini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulijaa na kubeba nyumba na watu, na wengine waliokosa makao siku ile walikaa mahemani muda mrefu sana. Lakini nawauliza: shuka linagawiwa kwa njia gani? Kwa orodha. Unga, mafuta, maharagwe? Kwa orodha. Jetoni inatoka wapi? Inatoka kwenye orodha. Orodha inaandikwa wapi? Kwenye ile meza, upande ambao huuoni. Jina likikosewa pale, shuka lipo ghalani na wewe unalala chini. Kwa hiyo tusitenganishe shuka na ekrani kana kwamba moja ni shida na nyingine ni starehe.

Kila siku ya mgawo nasikia hadithi ileile. Mama anafika na kitambulisho cha Lukiya, orodha inasema Rukiya. Orodha imepangwa kwa herufi, kwa hiyo ajenti anatafuta kwenye L, hakuna. Hafikirii kwenda kwenye R. "Mama, jina lako halimo." Mwingine ni Nabintu, ameandikwa Nabindu. Mwingine ameandikwa Bya Mungu, maneno mawili, na mashine inamhesabu kama mtu mwingine kabisa. Makosa haya hayatoki kwa watu wabaya. Vijana wanaoandika wengi wao ni wachapakazi, tena wengine hawatoki huku, masikio yao hayajazoea majina ya Wafuliiru, Wabembe, Wavira, Wanyindu au Wanyamulenge. Lakini kosa ambalo mwenye jina angelisahihisha kwa sekunde tano linapita kwa sababu mwenye jina anaangalia mgongo.

Na hii si huruma ninayoomba. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, unazungumzia katika kifungu chake cha 13 kazi ya serikali ya kuwaandikisha waliokimbia na kuwapatia hati zao. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Kama kila mtu ana haki ya habari, basi habari ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake mwenyewe. Orodha ni habari zenu. Sisi tumezishika kwa niaba yenu tu.

Sasa niseme ninachotaka, kwa sababu kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya redio mbaya.

Nataka kila meza inayoandika majina ya waliokimbia iwe na ekrani mbili. Moja imtazame anayeandika. Ya pili imtazame anayeandikwa. Kabla ya kubonyeza "hifadhi", anayeandika aseme: "Mama, angalia. Jina lako ndilo hili? Watoto ni hawa? Umri ndio huu?" Na mama akisema hapana, basi ni hapana.

Wengi wanadhani kuunga ekrani ya pili ni kazi ya mhandisi. Si kweli. Sisi tumeifanya, nami nilisoma sekondari na kozi ya uandishi wa habari tu. Nawaeleza hapa ili asiwepo wa kusema hakujua.

Angalieni ordinateri yenu, nyuma au ubavuni. Mtaona matundu. Tundu pana la rangi ya buluu lenye vishimo 15 katika mistari mitatu linaitwa VGA, ndilo la zamani. Tundu jembamba lililopunguzwa kidogo upande wa chini ni HDMI. Lingine linalofanana nalo lakini lenye kona moja iliyokatwa ni DisplayPort. Laptopu nyingi zina tundu la HDMI, na hiyo inatosha, kwa sababu laptopu tayari ina ekrani yake. Unachohitaji ni ekrani moja ya nje. Ordinateri ya mezani nayo mara nyingi ina matundu mawili, VGA na HDMI, na yanaweza kufanya kazi pamoja. Lakini kama ndani yake imewekwa kadi ya picha, unga ekrani zote mbili kwenye matundu ya ile kadi. Watu wengi wanaunga moja kwenye kadi na nyingine kwenye matundu ya juu, moja inabaki nyeusi, halafu wanasema ekrani imekufa. Haijafa. Mara nyingi mashine ikiona kadi inayafunga yale matundu mengine.

Kama ekrani ni ya zamani yenye VGA tu, na laptopu ina HDMI tu, nunueni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Msinunue waya mtupu wenye kichwa cha HDMI huku na VGA kule. HDMI inapeleka picha kwa namba, VGA inapokea kwa mawimbi ya umeme, na katikati lazima kiwepo kidude cha kutafsiri. Waya mtupu hautafsiri kitu. Tena muangalie mwelekeo: kigeuzi cha VGA kwenda HDMI ni kitu kingine, hakirudi nyuma. Mimi pesa yangu ya kwanza iliishia hapo, kwenye waya usiofanya kazi, na muuzaji alikataa kuurudisha.

Mkishaunga, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Yanatokea machaguo manne. La kwanza linatumia ekrani ya ordinateri peke yake, na la mwisho linatumia ile ya pili peke yake. Katikati kuna mawili yanayotuhusu: "Dupliquer" na "Étendre". Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo teknolojia inakuwa jambo la uhai.

"Dupliquer" inaonyesha kitu kilekile pande zote mbili. Mtu wa haraka atasema ndiyo hiyo tunayotaka, mama aone ninachoona. Hapana! Kwenye ekrani ya anayeandika kuna orodha nzima. Kuna jina la jirani, kijiji alikotoka jirani, namba ya simu yake, kartie alikojificha. Kuna ujumbe wa WhatsApp unaoruka pembeni bila kubisha hodi. Katika nchi yenye vita, orodha ya majina na mahali watu walipo ni silaha mkononi mwa mbaya. Ukiweka "Dupliquer", umemfungulia kila anayeketi mbele yako siri za wote waliomtangulia.

Chagueni "Étendre". Hiyo inafanya ekrani mbili ziwe meza moja ndefu. Orodha inabaki upande wako. Upande wa mama unasukuma karatasi moja tu, ile yake, kwa herufi kubwa. Ukiwa na dirisha mbele yako, bonyeza Windows, Shift na mshale, dirisha linahamia ekrani ya pili. Ukimaliza, linarudi. Kwenye mipangilio ya ekrani mtaona vipande viwili vyenye namba 1 na 2. Vivuteni kwa kipanya vikae kama ekrani zilivyo mezani kweli, kushoto na kulia, la sivyo mshale wa kipanya utapotea na mtahangaika. Hapohapo chagueni ekrani ya anayeandika iwe ndiyo kuu, ili meseji zinazoruka zitokee upande wake, na WhatsApp ifungwe kabisa saa za kazi.

Jambo la mwisho halihusu mashine, linahusu kiti. Kiti cha anayeandikwa kikae na ukuta mgongoni mwake. Kama nyuma yake umesimama mstari wa watu, basi mstari wote unasoma habari zake. Sisi siku ya kwanza tulisahau hilo. Mzee mmoja alitukumbusha kwa sauti kubwa, na alikuwa na haki.

Mtasema: umeme uko wapi? Swali zuri, maana hapa delestaji ni jirani yetu. Basi tuhesabu. Ekrani bapa ya inchi 19 inakula karibu wati 20. Ile balbu ya zamani ya waya ilikula wati 60 peke yake. Tukifanya kazi ya komunike saa nne, wati 20 mara nne ni 80. Batri ya volti 12 yenye ampea 100 inabeba 1200, na ukiitunza usiimalize zaidi ya nusu unabaki na 600. Katika 600, ekrani ya pili inaomba 80, na kidogo kinachopotea kwenye mashine ya kugeuza umeme. Nimeona maredio ambayo batri zao zinachaji simu za marafiki wa mkubwa mchana kutwa. Tusiseme nguvu hazipo. Tuseme tumezipeleka wapi. Ila msitumie zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa. Hizo zinakula mara tatu au nne zaidi, na ni nzito kuhamisha siku mambo yakiharibika.

Mtasema: bei? Yetu ya inchi 19, iliyokwisha kutumika, tuliipata kwa dola 30 kutoka kwa fundi, na kigeuzi kwa dola 8. Ni pesa, siwezi kusema si pesa. Lakini semina moja ya nusu siku, yenye soda, fulana na picha ya pamoja, inazidi hapo. Nani kati yenu amewahi kurudishiwa mtoto na fulana?

Mtasema: wamama wengi hawajui kusoma. Hii ndiyo hoja ninayoichukia, kwa sababu inajifanya huruma kumbe ni dharau. Mama asiyesoma anahesabu franka sokoni kuliko mimi. Anajua 6 na anajua 11. Kama kuna watoto wanne na ekrani inaonyesha mistari mitatu, anaona mmoja hayupo. Na mara nyingi yuko na binti au kijana aliyefika darasa la tano, huyo atamsomea. Asiye na mtu, basi anayeandika amsomee kwa sauti ya chini, akionyesha kwa kidole neno kwa neno. Kumsomea mtu huku anaona unachosoma si sawa na kumsomea ukiwa umejificha.

Mtasema: itachelewesha mstari. Hapa nakubali. Kwetu inaongeza kama dakika mbili kwa mtu. Familia mia moja ni dakika mia mbili, zaidi ya saa tatu. Ni kweli, na anayeahidi kwamba haitachelewesha anadanganya. Lakini saa tatu hizo mnazilinganisha na nini? Mtu aliyekosewa jina anarudi kesho, anarudi kesho kutwa, anaambiwa mkubwa hayupo, anaambiwa orodha iko Bukavu, anaambiwa asubiri mgawo ujao. Siku hizo hazihesabiwi na mtu kwa sababu ni siku za mkimbizi. Saa tatu za ajenti zina bei, siku thelathini za mama hazina bei? Ongezeni meza ya pili, anzeni mapema, lakini msimwibie mama muda wake kisha mkaita hiyo haraka.

Na iko hoja ambayo haisemwi kwa sauti. Wako wasiotaka ekrani igeuzwe kwa sababu kosa si bahati mbaya. Jina la hewa, familia ambayo haipo, watoto watatu wanaokuwa saba kwa ndugu wa mtu fulani: vitu hivyo vinapenda upande wa nyuma. Sitaji mtu wala shirika, kwa sababu leo sina ushahidi mezani. Nasema tu kwamba anayeandika kwa haki hana sababu ya kuogopa kuonyesha. Ekrani ya pili peke yake haitamaliza wizi, maana orodha inaweza kuchezewa usiku baada ya wote kuondoka. Lakini mtu aliyeona karatasi yake kwa macho anaweza kusema mbele ya shefu: "Niliona. Tulikuwa watano." Leo hawezi hata hilo.

Kwetu kitambaa cha maua kimeondolewa. Haikuwa rahisi, kulikuwa na maneno, na mkubwa wetu alinuna siku kadhaa. Sasa ekrani iko kwenye meza ya komunike, imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, na jioni inaingia ndani pamoja na laptopu. Mchana, watu wa komunike wakiisha, tunaitumia studio. Sauti tunazokata ziko ekrani moja, maandishi ya habari ekrani nyingine, na hatufungui na kufunga tena. Tangu hapo wamama wametukamata makosa mengi: umri, kabila lililoandikwa bila kuulizwa, jina la kijiji, baba aliyeandikwa hai kumbe alikufa. Mama mmoja alitazama jina la binti yake likiwa kubwa pale, akaligusa kioo kwa kidole, akasema limeandikwa vizuri. Hatukuwa na la kusahihisha.

Kwa maredio wenzangu wa Fizi, wa Bonde, wa Kalehe na kokote: ondoeni vitambaa. Kwa mashirika: katika bajeti ya kuandikisha watu, wekeni ekrani ya pili kabla ya fulana, na kiti chenye ukuta nyuma. Kwa mashefu wa kartie: mkiombwa mahali pa kuandikishia watu, ulizeni kwanza kama wanaoandikwa wataona kinachoandikwa. Mkiambiwa hapana, simameni hapohapo.

Na kwenu ninyi mliokimbia. Siku mkifika kwenye ile meza, msigombane na kijana, huenda naye hajala. Mwambieni kwa heshima: "Mwanangu, geuza hiyo nione jina langu." Kama hana ekrani ya pili, ageuze ile moja, afiche mengine, akuonyeshe mstari wako. Akikataa, mwombe akuandikie kwenye karatasi yale aliyoyaandika. Akikataa hilo pia, njoo utuambie siku na mahali. Tutauliza wakubwa wake kwa nini, na jibu lao tutalisoma hewani kama walivyolisema.

Meza yetu ya komunike iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Tangazo la mtoto aliyepotea halilipiwi, halijawahi kulipiwa. Ukija, keti upande wa ukuta. Ekrani itakuwa inakutazama.

Mwandishi wenu, Uvira.